Mshinde na Kitabu: Tatizo la Haki katika Simulizi za Mechi Mashuhuri za Tenisi

Utangulizi

Mechi ya tenisi ikishakwisha, matokeo yake huandikwa kwa tarakimu chache ambazo mtu aweza kuzisoma kwa pumzi moja. Asubuhi ya pili magazeti huzichapa, na tangu hapo hakuna siri tena. Hata hivyo kuna fungu la vitabu, hasa katika lugha ya Kiingereza, ambavyo kila kimoja huteua mechi moja tu na kuifanya kiini cha masimulizi yake yote. Levels of the Game cha John McPhee kilichapishwa mwaka 1969 kuhusu mechi iliyochezwa mwaka uliotangulia. A Terrible Splendor cha Marshall Jon Fisher kilitoka mwaka 2009 kuhusu mechi ya 1937, yaani miaka 72 baada ya wachezaji kupeana mikono. Mwaka huohuo wa 2009, L. Jon Wertheim alitoa Strokes of Genius kuhusu fainali ya wanaume ya Wimbledon ya 2008. Aghalabu msomaji wa vitabu hivi humjua mshindi kabla ya kufungua jalada, na vitabu hivyo vinasomwa, na kurudiwa kusomwa.

Jibu jepesi la fumbo hili ni kwamba vitabu hivyo vina taharuki. Lakini taharuki ya nini, ikiwa mwisho unajulikana? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mvuto wa vitabu vya namna hii una sura mbili, na kwamba baina ya sura hizo pana tatizo la kimaadili. Sura ya kwanza ni furaha ya kuyaona matokeo yakigeuka hukumu: aliyeshinda alistahili kushinda, na kasoro iliyomwangusha mwenzake ilikuwa ndani ya nafsi yake tangu utotoni. Sura ya pili ni furaha iliyo ngumu zaidi kuipata, nayo ni ile ya kutambua kwamba mambo yangaliweza kuwa vingine na kwamba mshinde ni mtu kamili. Inadaiwa hapa kwamba furaha ya kwanza humdhulumu mshinde, na kwamba vitabu bora vya aina hii ni vile vinavyomwondoa msomaji katika furaha hiyo, ingawa ndiyo iliyomvutia kukinunua kitabu.

Msomaji anayeujua mwisho

Kujua mwisho wa kisa hakujapata kuwa kizuizi kwa hadhira. Msikilizaji wa kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhamadi Kijumwa alikitungia utenzi mwaka 1913, anajua fika kwamba shujaa atauawa kwa sindano ya shaba itakayochomwa kitovuni, na kwamba mkono utakaoichoma ni wa mwanawe. Hamuulizi mtunzi iwapo Liyongo atapona. Anachosubiri ni kumwona baba akimfichulia mwanawe siri ya kifo chake hali anashuku alikotumwa. Hivyo ujuzi wa mwisho huhamisha swali: badala ya kuuliza nini kitatokea, hadhira huuliza mtu huyu atakuwaje mbele ya hicho kitakachotokea.

Hata hivyo pana tofauti ya msingi. Mwisho wa Liyongo umefungwa na mapokeo, ilhali mwisho wa mechi ulikuwa wazi hadi mpira wa mwisho. Aristotle, katika kazi yake juu ya ushairi, aliwatenganisha mwanahistoria na mshairi kwa hoja kwamba wa kwanza husimulia lililotokea, na wa pili husimulia linaloweza kutokea. Mwandishi wa kitabu cha mechi hana budi kuwa mwanahistoria, kwa kuwa hawezi kubadili hata pointi moja. Lakini asipokuwa na kitu cha mshairi, yaani asipoyafanya yale yasiyotokea yaonekane kuwa yaliwezekana, atakuwa ameandika taarifa ya gazeti iliyorefushwa.

Muundo wa tenisi wenyewe unamsaidia. Mchezo huu hauna saa. Timu ya kandanda iliyo nyuma kwa mabao matatu zikiwa zimesalia dakika mbili imekwisha kushindwa, lakini mchezaji wa tenisi aliyebakiza pointi moja kushindwa bado ana nafasi kamili ya kushinda. Tena pointi hazilingani uzito, maana alama za seti moja hazihamii katika seti nyingine. Katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019 Roger Federer alipata pointi 218 na Novak Djokovic 204. Katika seti ya tano Federer alikuwa na nafasi mbili za kuumaliza mchuano huo, tena yeye ndiye aliyekuwa akianzisha mpira. Bingwa wa mwaka huo ni Djokovic, kwa 7-6, 1-6, 7-6, 4-6, 13-12. Matokeo hayo ni halali kabisa kwa mujibu wa sheria za mchezo. Lakini mtu akitaka kuyatumia kuonyesha kwamba mmoja ana moyo na mwingine hana, itambidi aeleze jinsi moyo wa mtu unavyoweza kupimwa kwa mipira miwili kati ya mipira 422.

Hapa ndipo inapofaa kutenganisha dhana mbili ambazo masimulizi huzichanganya kwa urahisi: sababu na stahili. Ni haki kuuliza sababu ya mchezaji kushindwa, kama vile uchovu, mbinu mbovu, upepo au jua machoni. Stahili ni jambo jingine, kwani hiyo ni hukumu juu ya utu. Masimulizi huelekea kuigeuza sababu kuwa stahili kwa kuwa hupanga matukio kwa mfuatano, na msomaji aliyekwisha kuujua mwisho huona kila jambo la awali kama dalili yake.

Mtindo wa mchezo na utu wa mchezaji

Kitabu cha McPhee ndicho kinachofaa zaidi kulipima suala hili, kwa sababu kimejengwa juu ya dai kwamba mtindo wa mtu uwanjani ni sura ya utu wake. Mechi yenyewe ni nusu fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani iliyochezwa Forest Hills, New York, mwezi Septemba 1968, kati ya Arthur Ashe na Clark Graebner. Ashe alishinda 4-6, 8-6, 7-5, 6-2. Kitabu kinaanza Ashe akirusha mpira juu ili auanzishe, na kinaendelea hadi mechi inapokwisha. Baina ya mpigo na mpigo mwandishi anaondoka uwanjani na kuingia katika nasaba, malezi na siasa za wachezaji, kisha anarudi mpira ukiwa bado unaendelea.

Wachezaji hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1943, na walikuwa pamoja katika timu ya Marekani ya Kombe la Davis. Graebner alikuwa mtoto wa daktari wa meno wa Ohio. Ashe alilelewa Richmond, Virginia, ambako babake alikuwa msimamizi wa bustani ya michezo iliyotengewa watu weusi, na nasaba yake katika kitabu inafuatwa hadi kwa mwanamke aliyeletwa Virginia utumwani katika karne ya 18. Graebner anaonekana kupiga mpira kwa nguvu na kwa utaratibu usiobadilika. Ashe anapiga kwa kubahatisha, anajaribu mapigo ambayo mtu mwangalifu angeyaacha. Kila mmoja anausoma mchezo wa mwenzake kama msimamo wa kisiasa, mmoja wa kihafidhina na mwingine wa kiliberali. Mwaka wa mechi ni ule ambao Martin Luther King aliuawa mwezi Aprili na Robert Kennedy mwezi Juni, na hapana msomaji ambaye angeweza kuzisoma seti hizo nne bila kuyakumbuka hayo.

Sasa na yageuzwe matokeo. Seti ya pili iliisha 8-6 na ya tatu 7-5. Mipira michache ikianguka upande wa pili wa mstari, Graebner angekuwa mshindi. Je, ni jambo gani katika kitabu lingalilazimika kubadilishwa? Hapana hata moja katika yale yahusuyo nasaba, malezi au mapigo. Yangalibadilika majina tu ya sifa hizo. Ugumu wa Graebner ungeitwa nidhamu, na wepesi wa Ashe ungeitwa uzembe. Hivyo sifa ambazo msomaji anadhani zinayaeleza matokeo, zenyewe ndizo zinazopewa maana na matokeo.

McPhee hakuanguka katika mtego huu, na sababu moja ni namna alivyoifanya kazi yake. Aliitazama filamu ya mechi pamoja na wachezaji wenyewe na kuwauliza walichokuwa wakifikiri. Kwa hiyo Graebner hazungumziwi tu, anazungumza. Mshinde anapewa nafasi ya kueleza mpira uliompita kwa maneno yake, na maelezo yake yana uzito uleule wa maelezo ya mshindi. Hilo ni jambo la fani, lakini pia ni jambo la haki. Usawa uliokuwepo uwanjani kabla ya mpira wa kwanza unarudishwa ndani ya kurasa.

Jambo la pili ni kwamba kitabu kinatoa ushahidi unaolipinga dai lake chenyewe. Utulivu wa Ashe, ambao watazamaji waliuchukua kuwa tabia yake ya kuzaliwa, ulikuwa na mwalimu. Daktari Robert Walter Johnson wa Lynchburg, aliyewafundisha tenisi vijana weusi nyumbani kwake, aliwaagiza wasilalamikie uamuzi wowote na waurudishe kama halali hata mpira ulioanguka nje kidogo ya mstari, ili asitokee mtu wa kuwaita wadanganyifu na kuwafukuza mashindanoni. Akili ikitulia juu ya jambo hili, neno "mtindo" linapata uzito mwingine. Kinachoonekana kama nafsi ya mtu ni historia ya jamii yake iliyofundishwa mwilini. Graebner naye alikuwa na historia yake, ila yeye hakulazimika kuukubali mpira ulioanguka nje ili aruhusiwe kucheza. Msomaji aliyekuja kutafuta ubora wa nafsi moja juu ya nyingine anajikuta akitazama namna nafsi zote mbili zilivyofinyangwa.

Pale ushindi unapopewa kazi isiyo yake

Yamkini atatokea msomaji wa kusema kwamba mechi ya Ashe ilikuwa na maana ya haki kweli, na kwamba kuitenga maana hiyo na ushindi ni kuwanyima watu weusi wa Marekani furaha waliyoistahiki. Hoja hii ina nguvu, lakini inahitaji kupimwa kwa mfano ambao maana ilitangazwa kabla hata ya mpira kurushwa. Tarehe 20 Septemba 1973, mjini Houston, Billie Jean King, aliyekuwa na umri wa miaka 29, alimshinda Bobby Riggs, mwenye umri wa miaka 55, kwa 6-4, 6-3, 6-3. Riggs alikuwa ametangaza kwamba hata katika umri wake angewashinda wanawake walio bora kabisa. Selena Roberts aliipa mechi hiyo na siasa zake kitabu cha A Necessary Spectacle mwaka 2005.

Kinachosahaulika na wengi ni mechi ya tarehe 13 Mei ya mwaka huohuo, ambapo Riggs alimshinda Margaret Court 6-2, 6-1. Ikiwa ushindi wa Septemba ulithibitisha kwamba wanawake wanastahili heshima na malipo sawa, basi ushindi wa Mei ulithibitisha kinyume chake, na kwa miezi minne wanawake hawakustahili. Hapana mtu makini atakayelikubali hilo. Haki ya wanawake haikutegemea mkono wa Riggs, wala haki ya watu weusi haikutegemea mpira wa Ashe. Matokeo ya mechi yanaweza kuutangaza ukweli wa kimaadili, yanaweza kuwapa moyo wale wanaoupigania, lakini hayawezi kuuthibitisha. Mwandishi anayeuweka ukweli huo juu ya matokeo ameuweka mahali ambapo mpira mmoja ungeuangusha. Furaha ya ushindi kwa hiyo haikatazwi. Kinachokataliwa ni kuitumia kama hoja.

Mshinde na hatari iliyokuzwa

Dhuluma ya namna nyingine hutokea pale mshinde anapopendwa kupita kiasi. Tarehe 20 Julai 1937, huko Wimbledon, Don Budge wa Marekani alimshinda Gottfried von Cramm wa Ujerumani katika Kombe la Davis kwa 6-8, 5-7, 6-4, 6-2, 8-6. Katika seti ya tano von Cramm alikuwa mbele 4-1. Mwezi Machi 1938 alikamatwa na Gestapo, akafungwa kwa uhusiano wake na mwanamume mwenzake. Alikuwa amekataa kujiunga na chama cha Hitler.

Kwa miaka mingi mechi hii imesimuliwa pamoja na kisa kwamba von Cramm aliitwa kwenye simu muda mfupi kabla ya kuingia uwanjani, na kwamba aliyepiga ni Hitler. Budge mwenyewe alikisimulia kisa hicho. Ukweli wake umetiliwa shaka, lakini kisa hakifi, na kutokufa kwake kunaeleza mengi juu ya wasomaji. Simu hiyo inakidhi haja. Inaigeuza mechi kuwa mchezo wa kuokoa maisha, inaufanya kila mpigo wa von Cramm kuwa wa mtu anayeikimbia jela, na inaufanya ushindi wa Budge, bila kukusudia, kuwa ufunguo wa mlango wa gereza. Lakini von Cramm hakufungwa kwa sababu alishindwa tenisi. Alifungwa na dola iliyokuwa na sheria dhidi ya watu kama yeye, na sheria hiyo ilikuwepo hata angalishinda 6-4 katika seti ya tano. Masimulizi yanayofanya kifungo kionekane kama tokeo la mechi yanaipunguza hatia ya dola na kuyatumia mateso ya mtu kama kiungo cha mchezo. Ni kweli kwamba umaarufu wa ushindi ungeweza kumpa kinga ya muda. Hilo laweza kusemwa kama uwezekano. Kulisema kama hakika ni kumkopa mshinde kitu kichungu kuliko kushindwa.

Thamani ya kitabu cha Fisher imo katika kuwa kinakwenda mbali na uwanja, Berlin na kwingineko, na kumwonyesha von Cramm akiwa na maisha yasiyopimwa kwa seti. Mambo mawili katika maisha hayo yanastahili kutajwa. Katika Kombe la Davis la mwaka 1935, mchezo wa wawili wawili dhidi ya Marekani, mwenzake alipiga mpira uliodhaniwa kuwa umeimaliza mechi. Von Cramm akamwendea mwamuzi na kumwambia kwamba mpira ulikuwa umeigusa raketi yake kwanza. Hapana mwingine aliyekuwa ameona. Pointi ikapotea, na mechi ikapotea. Jambo la pili ni kwamba alipokamatwa mwaka 1938, Budge alikuwa miongoni mwa wanamichezo wa Marekani waliotia saini barua ya kumtetea. Matendo haya mawili ndiyo yanayoweza kusemwa kwa haki kwamba yanaonyesha utu wa wachezaji, na hakuna hata moja linalopatikana katika hesabu ya mechi ya 1937. La kwanza lilimfanya mtendaji ashindwe. La pili lilifanywa na mshindi baada ya ushindi kumpa kila alichokuwa anaweza kupewa.

Pingamizi na kigezo

Litakuwepo pingamizi kwamba yote haya ni kuubebesha mchezo mzigo mzito. Wachezaji walijitokeza hadharani kwa hiari, hesabu ni hesabu, na mwenye kuogopa kushindwa asiingie uwanjani. Wahenga nao wamesema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo kwa kawaida huelekezwa kwa mshinde ili kumtaka anyamaze. Lakini ikisomwa vizuri inasema zaidi ya hilo. Inasema kwamba kushindwa kumo ndani ya maana ya ushindani wenyewe, kwa hiyo hapana mshindani, hata aliye mshindi leo, asiyekuwa amekwisha kukubali kwamba huenda akashindwa. Mshindi na mshinde waliingia uwanjani wakiwa wamefunga mkataba mmoja. Mwandishi anayemtukuza mmoja na kumfanya mwenzake kuwa mfano wa udhaifu amelivunja sharti ambalo wachezaji wenyewe walilitimiza.

Kutokana na hayo mhakiki anaweza kupata kigezo cha kuvipima vitabu hivi: je, habari zilizomo zingebaki na maana ileile iwapo matokeo yangaligeuzwa? Utulivu wa Ashe uliofundishwa Lynchburg unafaulu jaribio hili, kwani chanzo chake kingekuwa kilekile hata angalishindwa katika seti tatu. Ukweli wa von Cramm mbele ya mwamuzi unafaulu vilevile. Simu ya Hitler haifaulu, maana uzito wake wote unatokana na kushindwa kulikofuata. Kigezo hiki hakimzuii mwandishi kutafuta sababu. Kinamtaka tu aonyeshe pale sababu inapokomea, na asimpitishe msomaji kutoka sababu hadi stahili bila kumjulisha kwamba amevuka mpaka.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba wasomaji wa vitabu vya mechi mashuhuri hawavutwi na hamu ya kumjua mshindi, bali na hamu ya kuona iwapo ushindi ulikuwa na maana. Hamu hiyo si ya kulaumiwa. Binadamu hapendi kuamini kwamba mambo makubwa huamuliwa kwa upana wa mstari wa chokaa. Lakini kitabu kinachomridhisha kwa kumwambia kwamba kila aliyeshinda alistahili kinamfundisha kanuni ambayo ikitolewa uwanjani na kupelekwa katika maisha ya kawaida itakuwa ya kutisha: kwamba maskini alistahili umaskini na mfungwa alistahili kifungo, maadam ndivyo ilivyotokea.

Kinyume chake, kitabu kinachomrudisha msomaji katika saa ile ambapo mwisho ulikuwa bado haujaamuliwa, na kinachompa mshinde sauti iliyo sawa na ya mwenzake, kinamzoeza kumtazama mtu bila kwanza kuyaangalia matokeo yake. Graebner, kwa jinsi McPhee alivyomwandika, anaondoka uwanjani akiwa ameshindwa kwa 4-6, 8-6, 7-5, 6-2, na msomaji anayefunga kitabu hana sababu ya kumheshimu pungufu ya alivyomheshimu katika seti ya kwanza, ambayo aliishinda.